Ushauri: Nampeleka mama mzazi na watoto Valencia mwezi wa saba, nataka ufukwe msafi wenye waokoaji

Binti_Pangani (Machi)

Wadau, salaam. Niko Ujerumani mwaka wa nane sasa, Dortmund, na mume wangu na watoto wawili: mkubwa ana miaka tisa, mdogo minne. Mama yangu anakuja kututembelea kutoka Pangani mwezi wa sita, atakaa nasi miezi miwili. Tumepanga kumpeleka Hispania wiki moja mwishoni mwa Julai, mji wa Valencia. Nauli tumeshakata, kwa hiyo mji haubadiliki. Ninachouliza ni bahari.

Hali yetu ni hii. Mama ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua na anatembelea mkongojo. Amekulia mdomoni mwa mto Pangani, maji hayaogopi, lakini tangu goti lianze hajaingia baharini hata siku moja. Anavaa stara na hatabadilisha kwa sababu ya safari. Mkubwa anajua kuogelea kidogo, ana ile beji ya Seepferdchen. Mdogo hajui kuogelea na hana hofu ya chochote.

Picha za mtandaoni zote zinafanana, kila ufukwe unaitwa mzuri. Mimi nataka kujua maji ni masafi kweli, waokoaji wanakaa saa ngapi hadi saa ngapi, na mama ataingiaje majini na goti lile. Niliona mtoto wa jirani akizama nikiwa na miaka kumi na mmoja, watu wazima wakiwa hatua ishirini tu wanakula. Tangu hapo siwezi kukaa ufukweni bila kuhesabu vichwa. Ndiyo maana naulizia mapema hivi.

Mkaazi_wa_Cabanyal

Dadangu, karibu. Mimi mtu wa Lamu, Valencia nina miaka saba, naishi mtaa wa Cabanyal, dakika sita kwa mguu hadi mchangani. Nitakueleza ninayoyaona kila kiangazi.

Kuna fukwe za mjini na fukwe za kusini. Za mjini ziko kaskazini mwa bandari na zimeungana: inaanza Cabanyal, ambayo wengi huiita Las Arenas, kisha Malvarrosa, kisha Patacona ambayo tayari ni ya mji jirani wa Alboraia. Mchanga ni laini na mpana sana, kina kinaingia polepole, na nyuma yake kuna barabara ya waenda kwa miguu yenye vyoo na mabomba ya kusuuza miguu. Za kusini ni Pinedo, El Saler, kisha ule ukanda wa Devesa ulio ndani ya hifadhi ya Albufera, wenye misonobari na matuta ya mchanga. Devesa ni pazuri kuliko kote, lakini kwa mama mwenye mkongojo na mtoto wa miaka minne ningewaambia mbaki Malvarrosa. Metro laini ya 5 inawafikisha Marítim, kutoka hapo mnapanda tramu hadi karibu na mchanga. Hakuna kupanda ngazi za mawe wala kuteremka majabali.

Kuhusu usafi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinapima maji ya kuogea kila msimu na kuyapanga katika madaraja manne: bora kabisa, mazuri, ya kutosha, mabaya. Wanachotafuta ni vijidudu vya kinyesi. Kwa maji ya bahari, daraja la juu linataka E. coli zisizidi 250 katika mililita 100, na hesabu inafanywa kwa vipimo vya misimu minne, kwa hiyo kipimo kimoja cha bahati hakiwezi kuupandisha ufukwe. Ubao wa matokeo husimamishwa pale pale ufukweni. Ukifika, usome kabla hujatandika mkeka.

Bendera ya Buluu, ile tuzo ya fukwe safi na salama, ni kitu kingine, ila inategemea hicho cha kwanza: bila daraja la juu la maji huipati. Ilianza Ufaransa mwaka 1985, ikaenea Ulaya mwaka 1987, na Afrika Kusini ikawa nchi ya kwanza nje ya Ulaya kuingia, mwaka 2001. Hispania ina fukwe zaidi ya 600 zenye bendera hiyo, hakuna nchi inayoishinda. Lakini hutolewa kwa msimu mmoja tu. Orodha ya mwaka hutoka Mei, basi subiri Mei uangalie orodha ya mwaka huu. Usitegemee kibandiko cha zamani kwenye tovuti ya hoteli. Mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 yalituletea matete, magogo na takataka hadi zile fukwe za kusini. Mwaka mmoja unaweza kubadilisha mengi.

Sasa waokoaji, ambao hapa huitwa socorrista. Wana minara, wana kibanda cha huduma ya kwanza, na saa zao zimeandikwa kwenye ubao. Saa zikiisha wanashuka, na bendera yao ya tahadhari inashushwa pia. Watu wengi hubaki majini kwa sababu jua la Julai bado liko juu hadi saa tatu usiku. Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Wewe jiwekee kwamba mnara ukiwa mtupu, watoto hawaingii.

Baba_Mapacha

Mkuu wa Cabanyal amesema vizuri. Naomba nilete kisa changu, kwa sababu nilikuwa mzazi makini na bado kilinikuta.

Tulitoka Birmingham kwenda ufukwe mmoja kusini mwa Alicante, miaka mitatu nyuma. Asubuhi, bahari imelala kama sinia. Nikawanunulia mapacha, wakati huo wana miaka saba, bata wa kupuliza, mkubwa, wa kukalia wawili. Kina kilikuwa mapajani. Nikageuka kumpokea mke wangu kikapu, nikarudi kuangalia, bata yuko mbali. Hakukuwa na wimbi hata moja. Ni upepo wa nchi kavu ulikuwa ukisukuma kutoka nyuma yetu, na lile bata ni tanga. Niliogelea kumfuata na kadiri nilivyopiga mkono ndivyo lilivyozidi kwenda. Mwokoaji alishaniona kabla sijaanza kupiga kelele, alitoka na ubao wake akawafikia nikiwa bado nahangaika katikati. Watoto hawakulia. Walidhani ni mchezo.

Dada, hayo maboya ya kupuliza yaacheni kwenye bwawa la hoteli.

Mkaazi_wa_Cabanyal

Baba Mapacha, pole sana, na asante kwa kulisema. Upepo huo hapa unaitwa Poniente, yaani wa machweo. Unatoka bara, mkavu, na kiangazi unakuja na joto la tanuri. Bahari inanyooka kabisa, kila mtu anafurahi, na ndiyo siku ya maboya kukimbia. Dadangu, mama yako atauelewa kwa neno moja: umande, ule upepo wa bara unaowatoa wavuvi alfajiri.

Kinyume chake ni Levante, wa mawio. Mimi nilipolisikia jina hili mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, maana ni matlai yetu hasa, jina lenyewe linatokana na jua kuchomoza. Huo unaleta mawimbi moja kwa moja kwenye ufukwe wa Valencia, kwa sababu tunaelekea mashariki. Siku ya Levante kali utaona bendera nyekundu hata kama mbingu ni nyeupe na jua linawaka.

Bendera zenyewe: kijani, ingieni. Manjano, tahadhari, na kwa watoto wako mimi ningesema maji yasipite magoti. Nyekundu, hakuna kuingia, na halmashauri hutoza faini. Mkiona bendera yenye picha ya yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, ni hao wamekuja.

Jambo litakalomshangaza mama ni kwamba bahari hii haipwi. Pwani yetu bamvua likishika, maji hupanda na kushuka mita tatu, nne, na mtu hupanga siku yake kwa maji. Hapa mlango wa Gibraltar ni mwembamba, kama kilomita 14 tu, na tofauti ya maji Valencia haifiki hata goti. Mkeka mnautandika asubuhi, jioni maji yapo palepale. Watu wa kwetu wakiona hivyo hudhani hakuna mikondo. Mikondo ipo, inatengenezwa na mawimbi: maji yanayorushwa ufukweni lazima yarudi, na yanarudi kwa kukata njia kati ya mafungu ya mchanga au kando ya kuta za mawe. Utaiona kama ukanda mweusi, laini, usiovunja mawimbi, na mgeni huuchagua kwa sababu unaonekana umetulia. Ukivutwa, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ndipo urudi.

Mlezi_wa_Kiel

Naongeza kuhusu hiyo beji, maana mimi hujitolea kufundisha watoto kuogelea huku kaskazini mwa Ujerumani. Seepferdchen ni mita 25 na kuokota kitu kwenye maji ya kina cha mabega. Ni mwanzo mzuri, mpongezeni mtoto. Lakini sisi wenyewe walimu hatumhesabu kuwa ni mwogeleaji. Tunamhesabu akipata ya Bronze, ambayo inataka dakika 15 za kuogelea mfululizo, angalau mita 200. Kutoka Machi hadi Julai kuna muda. Mwandikishe sasa, madarasa yanajaa haraka.

Kwa mdogo, jaketi la kuokolea la kufunga vizuri ni bora kuliko vile vipira vya mikononi. Na bado mkono wako uwe unamfikia bila kupiga hatua.

Binti_Pangani

Jamani ahsanteni, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mama kwa simu. Hilo la matlai limempendeza, akaniambia "kumbe na wao wana akili."

Nina maswali mawili. Viza ya mama itatoka ubalozi wa Ujerumani, je, Hispania wataikubali? La pili ni la mavazi. Anataka kuingia na dera lake. Mimi sina tatizo, lakini sitaki asemwe na mtu, wala asipate taabu.

Nesi_Adriatiki

Shikamoo kwa mama, dada. La viza ni jepesi: viza ya Schengen inaombwa kwenye nchi atakakokaa siku nyingi zaidi, kwenu ni Ujerumani, na inatumika Hispania vilevile. Watu wazima wanalipia euro 90, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala chini ya siku 15. Ndani ya Schengen hagongewi muhuri, lakini pasipoti abebe mwilini.

La dera nakuomba sana mumkatalie, na sababu yangu ni maji tu, sababu ya watu siizungumzii. Mimi ni nesi huku pwani ya Italia, na kila kiangazi naona akina mama wenye nguo ndefu wameangushwa na wimbi la magotini. Dera likilowa linakuwa zito, linazunguka miguu, na mwenye goti bovu hasimami tena. Mnunulie burkini inayobana kiasi, ya kitambaa cha kuogelea. Inamsitiri hadi vifundoni na inakauka upesi. Kwenye fukwe za wazi za Hispania hatakuwa wa kwanza kuvaa hivyo. Mwandalieni pia kisaikolojia kwamba pembeni yake kutakuwa na wanawake walioacha vifua wazi. Huko ni kawaida, na hakuna anayemtazama mwenzake.

Kuhusu yavuyavu: wakimgusa mtoto, suuza kwa maji ya bahari. Maji ya bomba yanafanya seli zilizobaki kwenye ngozi zimwage sumu zaidi. Usisugue kwa mchanga wala taulo. Vibaki viondoe kwa kibano au ukingo wa kadi, kisha weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mpeleke kibandani kwa waokoaji, wao ndio kazi yao.

Na jua. Valencia wanatumia saa za Ulaya ya kati ingawa mji uko magharibi kabisa, kwa hiyo kiangazi jua linafika utosini saa nane mchana, wala si saa sita. Mnaohesabu kwa saa za kwetu mtachomeka. Kati ya saa saba na saa kumi na moja rudini ndani, mle, mlale, kama wanavyofanya wenyeji. Na ngozi nyeusi inaungua, nawaambia kwa niliyoyaona kazini, krimu pakeni wote.

Jambo moja kama mtawahi kuja Italia: huku sehemu kubwa ya ufukwe ni ya wenye leseni, unalipia mwavuli na kitanda, na mwokoaji yumo kwenye huduma hiyo. Ufukwe wa bure upo, lakini si kila mmoja una mlinzi. Hispania wamewatendea haki watu wenye kipato kidogo, pale mwokoaji ni wa wote.

Mwana_Bukavu

Bonjour wote. Mimi niko Marseille. Hapa kwetu fukwe za Prado hufungwa mvua kubwa ikinyesha, hata kama ni kiangazi, kwa sababu mvua inaosha mji wote na uchafu unateremka na mto Huveaune hadi baharini. Maji yanaonekana sawa lakini vipimo vinakataa. Dada, kama mvua ya radi ikipiga Valencia usiku, kesho yake angalieni ubao kwanza, au ngojeni siku moja, mbili.

Tena mkikuta majani makavu ya kahawia yamerundikana ufukweni, msiseme ni pachafu. Ni posidonia, nyasi za baharini za Mediterania, na zinaota kule ambako maji ni masafi.

Mkaazi_wa_Cabanyal

Kweli kabisa kuhusu mvua.

Dadangu, nimekumbuka kubwa kuliko yote kwa mama. Kiangazi fukwe za mji zina sehemu ya watu wenye ulemavu na wazee: njia ya mbao hadi karibu na maji, kivuli, na kiti maalumu kinachoelea, chenye magurudumu manene. Wahudumu wanakusaidia kuingia na kutoka, bure. Ulizeni ofisi ya utalii ya mji kuhusu saa na kuweka nafasi. Na siku ya kwanza mkifika ombeni bangili za watoto kwenye kibanda, mnaandika namba yenu ya simu juu yake. Malvarrosa Jumapili ya Julai mtoto akipotea miavuli yote inafanana.

Binti_Pangani (Agosti)

MREJESHO, kama nilivyowaahidi.

Tumerudi Jumanne. Tulikaa Malvarrosa. Maji kwenye ubao yalikuwa daraja la juu. Mkubwa alipata Bronze tarehe 4 Julai, Mlezi_wa_Kiel Mungu akulipe. Siku mbili za kwanza kijani. Siku ya tatu matlai ikaamka, bendera nyekundu, na mkubwa akalia machozi kabisa akisema mbona jua linawaka. Tukasimama juu kwenye lami, nikamwonyesha ule ukanda laini mweusi alioueleza Mkaazi. Ulikuwepo, umekata kati ya mawimbi mawili kama njia ya ng'ombe. Hakuuliza tena. Tukaenda Oceanogràfic, lile jumba la samaki, kuangalia papa.

Siku ya nne tuliamka mapema, saa nne tulishafika mchangani. Kiti kilikuwa cha manjano, na vyombo vya kuelea vimefungwa mikononi mwake. Vijana wawili, wa kiume na wa kike, walimkalisha mama wakamfunga mkanda. Kabla hawajamsukuma akawaashiria wasubiri. Akavua kandambili, akaweka nyayo zote mbili kwenye mchanga uliolowa, akakaa hivyo kidogo. Hawakumharakisha. Kisha wakaingia naye taratibu hadi kiti kikainuka chenyewe. Mama akachota maji kwa viganja, akanawa uso mara tatu, akaonja. "Mbona chumvi yake kali kuliko yetu?" Yule binti akacheka bila kuelewa, mama naye akacheka. Yule mtoto wangu mdogo, na jaketi lake na bangili yake, alikuwa ameshika ule mkono wa manjano wa kiti muda wote akimwambia bibi asiogope.

Jioni tulikwenda kunywa horchata, ile ya Alboraia. Mhudumu akatuonyesha punje zinazotengenezewa, vinundu vidogo vya kahawia vilivyosinyaa. Mama akachukua kimoja, akakigeuza, akasema, "Hizi si ndago?" Akanywa glasi mbili.

Nesi_Adriatiki

Machozi yamenitoka. Mwambie mama ulimi wake haukumdanganya. Bahari ya Hindi ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, Mediterania ni kama 38. Maji mengi yanakauka na mito inayoingia ni michache.

Baba_Mapacha

Hongera sana dada. Mama mkwe anakuja kwetu mwakani, naye anatembelea mkongojo. Hicho kiti mliwekaje nafasi?

Binti_Pangani

Kaka, tuliandikia ofisi ya utalii wiki tatu kabla, wakatupa maelekezo. Lakini siku yenyewe nendeni asubuhi pepo hazijaanza, maana wakiona bendera ya manjano hawamwingizi mtu na kiti. Chukueni burkini mbili ili moja iwe inakauka. Mkongojo mwachieni mtu mmoja auchunge, wetu ulizikwa na watoto mchangani na tulihangaika nusu saa kuutafuta.